Nilimwambia mmoja tu, mtaa mzima ukajua

Wahenga walisema kuwa ulimi hauna mfupa. Kwa miaka mingi nilidhani methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu fulani: wale akina mama wanaokaa vibarazani kutwa nzima wakihesabu nani ameingia kwa nani, au wale wanaume wa kwa kinyozi wanaojua mshahara wa kila mpangaji. Mimi nilikuwa karani katika kampuni moja ya Eneo la Viwandani jijini Nairobi, mke wa mtu, mama wa watoto wawili na mwimbaji wa kwaya. Umbea, nilijiambia, ni kazi ya wasio na kazi. Mpenzi msomaji, leo nataka kukusimulia jinsi nilivyogundua kwamba mmbea wa mtaa wetu nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwaka 1997. Tuliishi Eastlands, katika mojawapo ya ile mitaa ya zamani iliyojengwa na Baraza la Jiji, nyumba zimepangwa safu safu, mfereji wa maji uko uani na vyoo ni vya kutumiwa na wote. Mkaaji wa mtaa kama huo hana siri. Ukikaanga nyama katikati ya mwezi, jirani anajua, na ukigombana na mumeo, jirani anapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

Lakini nisiudhulumu mtaa ule. Siku mtoto wa nyumba nambari tatu alipomwagikiwa na uji wa moto, habari zilipita mlango hadi mlango, na kabla ya dakika kumi tulikuwa tumechanga pesa za teksi ya kumkimbiza hospitalini. Palikuwa na mwanamume mmoja aliyependa kuwaita wasichana wa shule nyumbani kwake eti awatume dukani. Ni maneno ya pale mferejini yaliyotufanya tuwaonye mabinti zetu mapema. Msomi mmoja wa jamii aliyezaliwa Afrika Kusini, Max Gluckman, aliandika mwaka 1963 kwamba kusemana ni mojawapo ya kamba zinazoifunga jamii pamoja. Sikatai. Ninachotaka kuongeza ni kwamba kamba ifungayo mzigo ndiyo hiyo hiyo iwezayo kumnyonga mtu.

Akina mama kumi na wanne tulikuwa na chama. Kila mwezi kila mmoja alitoa shilingi 500, na aliyefikiwa na zamu yake aliondoka na shilingi 6,500 kutoka kwa wenzake. Kuna aliyelipa karo, kuna aliyenunua godoro, kuna aliyeongeza mtaji wa mitumba. Zamu yangu ilifika mwezi wa tatu, nikanunua kabati la vyombo ambalo ningali nalo hadi leo. Nakuomba ulikumbuke kabati hilo, kwani nitalirudia.

Miongoni mwetu alikuwamo mama mmoja ambaye jina lake nitalihifadhi. Nitamwita Mama Saba, kwa kuwa mlango wake ulikuwa nambari saba. Alikuwa akipika mandazi alfajiri na kuyauza kwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, kati ya Mombasa na Malaba, na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Walikuwa na watoto watatu. Mama Saba alikuwa mcheshi, mnene, mwenye kicheko kinachotangulia mwili. Mimi aliniita "dada", na mara nyingi alinikopesha mandazi ya watoto hadi mwisho wa mwezi.

Katikati ya mwaka huo alianza kukonda. Nguo zikamlegea mabegani. Usiku alisikika akifungua mlango kwenda chooni, mara mbili, mara tatu, mara nne. Mchana kutwa alikuwa na jagi la maji kando yake.

Msomaji kijana huenda asielewe maana ya kukonda katika miaka ile. Kisa cha kwanza cha Ukimwi nchini Kenya kilitambuliwa mwaka 1984, na serikali haikuutangaza kuwa janga la taifa hadi mwaka 1999. Katikati ya miaka hiyo tulizika watu wengi na kwenye mazishi tukaambiwa ni malaria, ni nimonia, ni "ugonjwa wa muda mrefu". Dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zimemfikia mtu wa kawaida. Kwa hiyo macho ya kila mtu yaligeuka kuwa mizani. Mtu alipimwa njiani, na hukumu ikatolewa kabla hajafika kwake.

Alhamisi moja nilimpeleka mwanangu mdogo hospitalini kwa sababu ya kikohozi. Mwisho wa ukumbi wa hospitali hiyo palikuwa na mlango ambao watu wa mtaani waliuogopa. Ilisemekana kwamba waliopanga foleni pale ni "wale". Nilipotupa macho nikamwona Mama Saba, ameketi kwenye benchi la mbele, ameshika kadi mkononi. Naye akaniona. Akainua mkono kunisalimu. Nami nikajifanya namfunga mtoto vifungo vya sweta, nikageuza uso, nikaondoka.

Jumamosi yake nilikuwa nikifua nguo pale mferejini pamoja na jirani yangu wa ubavuni, mtu niliyemwamini kama ndugu. Hatukuwa na jambo la maana la kuzungumza. Nikamwambia, "Mwenzangu, usimwambie mtu, lakini Alhamisi nimemwona Mama Saba pale hospitalini. Yuko kwenye mlango ule wa mwisho." Ni hayo tu. Sikusema ana ugonjwa gani, wala sikusema uongo hata mmoja. Nilisema nilichokiona, kisha nikanyamaza, nikaachia ukimya umalize sentensi.

Mengi tunayoyaita umbea si uongo. Ni kipande cha ukweli kilichokatwa mahali pabaya. Na maneno "usimwambie mtu" si kufuli. Ni stempu ya kuonyesha kwamba barua hii ina thamani, ipeleke haraka.

Jumatatu habari ilinirudia mimi mwenyewe kutoka kwa mama wa safu ya pili: Mama Saba ameonekana akipewa dawa. Jumatano ikawa kwamba mumewe ndiye aliyemletea kutoka Malaba. Jumapili, baada ya ibada, nikaambiwa kwamba hata yule mtoto wao mdogo tayari. Kila mara nilishika shavu na kusema, "Hebu niambie!" kama mtu asikiaye kwa mara ya kwanza. Ningeweza kusema, "Hapana, mimi ndiye niliyemwona, na sikuona dawa wala mtoto." Sikusema. Ningesema vipi bila kujitaja?

Wasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walichapisha kitabu kuhusu uvumi mwaka 1947. Walimwonyesha mtu picha, wakamtaka amsimulie mwenzake ambaye hajaiona, naye amsimulie mwingine, na kadhalika. Picha moja ilikuwa ya watu ndani ya gari la abiria, Mzungu mmoja ameshika wembe akizozana na mtu mweusi. Kwa kupita kinywa hadi kinywa, mara nyingi wembe uliishia mkononi mwa yule mtu mweusi. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja aliirekebisha hadithi kidogo tu ili ifanane na alichokwisha kukiamini moyoni. Wembe wa mtaa wetu nao ulihama hivyo hivyo, ukaishia mkononi mwa Mama Saba.

Adhabu ilianza polepole. Kwanza mandazi. Watu waliokuwa wakipanga foleni kwenye kibanda chake saa kumi na mbili asubuhi walianza kupita upande wa pili wa barabara. Nilimwona akirudi nyumbani saa tatu na beseni lililojaa. Mimi nami, naona haya kuandika, nilianza kumtuma mwanangu akanunue mkate dukani. Kisha ikawa zamu ya watoto. Mwanangu wa kwanza alikuja akaniambia kwamba mvulana wa nambari saba amefukuzwa kwenye mpira kwa kuwa jasho lake litawaambukiza wengine. Nilimweleza kwamba Ukimwi hauenezwi kwa jasho. Sikumwambia kwamba habari yenyewe ilitoka kinywani mwa mama yake.

Mwezi wa kumi ilikuwa zamu ya Mama Saba kupokea pesa za chama. Alikuwa amekwisha kuwatolea wenzake tisa shilingi 500 kila mmoja, jumla shilingi 4,500, bila kuchelewa hata mara moja. Tulipokutana, mwenyekiti wetu alikohoa, akasema ingekuwa vyema kumpa mwingine kwanza "kwa sababu ya hali". Kila mtu alielewa. Tuliogopa kwamba angepokea, kisha afe kabla ya kumaliza kutoa.

Mama Saba alisimama. Akauliza, "Hali gani? Nani kati yenu ameniuliza mimi hali yangu?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Mimi nina sukari. Nimeambiwa nina ugonjwa wa sukari, nadungwa sindano." Wanawake wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Wote husema hivyo." Naye mwenyekiti akatoa methali ambayo tangu siku hiyo sijaipenda: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Nilikuwa nimeketi kiti cha tatu kutoka kwake. Shilingi zake 500 zilikuwa ndani ya kabati langu la vyombo. Nilitazama sakafu.

Walihama mwezi wa Novemba, wakati wa zile mvua kubwa za El Nino, vitu vyao vikiwa kwenye mkokoteni uliofunikwa karatasi ya nailoni. Mtoto wao wa kwanza alikuwa anamalizia mtihani wa darasa la nane. Hakuna aliyetoka kusaidia kufunga kamba. Tulichungulia madirishani.

Usidhani mtaa ulibaki salama baada ya "kumtoa mgonjwa". Tulikuwa tumejifunza jambo moja kuhusu wenzetu: kwamba mtu anaweza kusemwa Jumamosi na kufikia Jumapili ya pili hana rafiki. Kila mmoja akaanza kujificha. Aliyeugua alijitibu kimya kimya kwa vidonge vya dukani. Aliyepigwa na mumewe alisema ameanguka. Chama kilikufa mwezi wa pili mwaka uliofuata, kwa sababu walionekana wanne waliokuwa hawajapokea, naye kila aliyekwisha kupokea alipata sababu ya kutokuja. Ule moto tuliomwashia mmoja ulitubabua sote.

Miaka ikapita. Tulihama, watoto wakakua. Mwaka 2011 nilianza kuona kiu isiyokatika. Usiku niliamka kwenda haja mara mbili, mara tatu, mara nne. Nguo zikanilegea mabegani. Daktari alipima damu yangu, akaniambia nina kisukari na kwamba niwe nikihudhuria kliniki kila mwezi. Hospitali ni ile ile. Siku ni Alhamisi. Nilipofika, muuguzi alinielekeza mwisho wa ukumbi, kwenye ule mlango.

Ukutani palikuwa na karatasi iliyoorodhesha kliniki za chumba hicho kwa siku za juma. Jumanne ilikuwa ya kifua kikuu. Alhamisi ilikuwa ya kisukari. Nilimwuliza muuguzi mmoja wa makamo mpango huo ulianza lini. Akacheka, akasema aliukuta alipoajiriwa, na alikuwa karibu kustaafu.

Niliketi kwenye benchi la mbele, kadi mkononi, nikalia. Watu walidhani nalilia ugonjwa.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa tulitafakari pamoja, hasa wewe mwanafunzi. Ni rahisi kusema kwamba kosa langu lilikuwa ni kusema Ukimwi mahali palipokuwa na kisukari. La hasha! Tuseme kweli ungekuwa Ukimwi. Je, mandazi yake yangekuwa sumu? Je, mtoto wake hakustahili kucheza mpira? Je, shilingi 4,500 alizotoa zingekuwa si zake? Kenya ilipitisha sheria mwaka 2006 inayokataza kutangaza hali ya mtu ya virusi vya Ukimwi bila idhini yake. Sheria hiyo haiulizi kama habari ni ya kweli. Inauliza kama ni yako kuitoa.

Siku hizi mferejini pamehamia kwenye simu. Kila ploti ina kundi lake la WhatsApp, kila darasa la chuo lina lake, kila ukoo una lake. Picha ya mtu akiingia mahali fulani inatumwa bila maelezo, ila alama tatu za kuuliza, na ukimya unamaliza sentensi kama wangu ulivyofanya. Tofauti ni kwamba maneno yangu yalichukua siku nane kumaliza safu tano za nyumba. Ya leo yanamaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Tena hayafutiki, kwani hata ukiyaondoa, tayari yamo kwenye simu za wengine.

Nami sisemi tusizungumziane. Mtaa usiozungumza ni makaburi. Lakini nimejiwekea kipimo kimoja. Habari za mtoto aliyeungua zilikwenda moja kwa moja hadi kwa mwenyewe, zikiwa na pesa za teksi. Habari za Mama Saba zilimzunguka kila upande kwa miezi minne, zikamfikia mwisho zikiwa hukumu. Basi kabla sijafungua kinywa kuhusu mtu, najiuliza: je, haya ninayoyasema yanaelekea kwake au yanamzunguka? Nikiona yanamzunguka, nanyamaza, au naenda kwake.

Mwaka 2012 nilikwenda kwake. Dereva mmoja aliyewahi kufanya kazi na mumewe ndiye aliyenielekeza. Nilimkuta sokoni Machakos akiuza ndengu na mahindi, mwembamba, kichwa kimejaa mvi, kicheko kile kile. Aliponiona kicheko kilikatika. "Karibu, mama," akasema. Hakuniita dada. Aliniita mama, kama anavyomwita mteja yeyote.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mlango, mferejini, maneno "usimwambie mtu", ugonjwa wangu. Alinisikiliza huku akipima ndengu za watu. Nilipomaliza akasema, "Nilijua ni wewe. Siku ile nilikuinulia mkono ukageuka. Nilikuwa na hofu, dada, ndiyo mara yangu ya kwanza kudungwa ile sindano. Nilitaka mtu wa kuketi naye tu." Kisha akaongeza, "Ungeniuliza, ningekuambia. Nilipowaambia mlikuwa mmekwisha kukata shauri."

Nilitoa bahasha. Ndani yake niliweka shilingi 500. Nilikuwa nimefikiria kuweka zaidi, nikaona kwamba zaidi ya hizo ingekuwa ni kujinunulia msamaha, na msamaha haukuwa na bei niliyoijua. Hizo zilikuwa zake. Alizihesabu ingawa ilikuwa noti moja tu, akaifunga kwenye pindo la leso yake.

"Za kwako nimepokea," akasema. "Zimebaki nane."

Akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja.

Tangu hapo nimewatafuta wale wanane. Wawili walikuwa wamefariki. Mmoja aliniambia kwamba hayo ni mambo ya kale, tusifukue makaburi. Watatu wametuma zao kwa M-Pesa, na mmoja wao ni yule jirani niliyefua naye. Wawili bado sijawapata. Lakini wakiyasoma haya watajitambua, kwani bila shaka wanakumbuka walinunua nini na shilingi 6,500 za chama. Mimi kila asubuhi nafungua kabati langu kutoa kikombe, na kila asubuhi nakumbuka.